Mchele Mbovu, Muhuri na Utakatifu wa Mlei

Tarehe 15 Juni 2025, ndani ya Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta mjini Roma, Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri kijana wa Goma, mashariki mwa Kongo, ambaye kazi yake ilikuwa kukagua mizigo. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kulisoma jina lake: Floribert Bwana Chui bin Kositi. Goma kwenyewe wakati huo ulikuwa mikononi mwa waasi wa M23. Tangu siku hiyo nimemsikia akitajwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya mabango na hotuba: shujaa wa vita dhidi ya rushwa, mfano kwa vijana, makofi, basi. Ya pili ni ya minong'ono nje ya kanisa, watu wakisubiri kumsalimu Padri: huyu alifia imani gani? Hakuna aliyemshikia panga akamwambia amkane Kristo. Aliambiwa apitishe mchele. Je, siku hizi Kanisa limelegeza kamba, hata mkaguzi wa mpakani anaitwa shahidi?

Naona wanaonong'ona wameuliza swali la maana kuliko wanaopiga makofi, ila wamelijibu vibaya. Kanisa halikushusha kiwango cha ushahidi wa imani. Limesema wazi jambo ambalo sisi walei tumelikwepa kwa zaidi ya miaka sitini: kwamba mlei anatakatifuka, au anapotea, hasa pale anapotafutia riziki yake, na kwamba karatasi ya ukaguzi inaweza kuwa ungamo la imani sawasawa na Nasadiki tunayoiimba Jumapili. Tukilipokea hivyo, Floribert haishii kuwa sifa ya Kongo. Anatugeukia sisi, hasa tulio na vyeo vingi parokiani.

Tuanze na kilichotokea. Alizaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981, akasomea sheria, akajiunga na Jumuiya ya Sant'Egidio, ile iliyoanzishwa na wanafunzi mjini Roma mwaka 1968. Ndani ya jumuiya hiyo alijulikana kwa kazi yake na watoto wa mitaani, ambao Goma wanaitwa maibobo. Kisha akaajiriwa na OCC, ofisi ya Kongo inayokagua bidhaa, na mwaka 2007 akawa Goma akishughulikia mizigo iliyoharibika. Anayeijua mipaka yetu anajua kazi ile ilivyo. Lori limesimama juani, dereva amejilaza chini ya tela, mwenye mali anapiga simu ya kumi, na kati ya gunia na soko kuna mtu mmoja mwenye kalamu na muhuri. Ukaja mzigo wa chakula kilichooza kutoka ng'ambo ya mpaka, mchele. Aliahidiwa fedha aupitishe, akakataa. Akashinikizwa, akakataa tena. Alimsimulia mtawa mmoja rafiki yake, ambaye ni daktari, jinsi alivyoshawishiwa, na wasiwasi wake wote ulikuwa juu ya watakaoula ule mchele: fedha itaisha upesi, na wao je? Siku ya Jumamosi, tarehe 7 Julai, alitekwa. Aliuawa usiku wa kuamkia tarehe 8, mwili ukapatikana tarehe 9. Alikuwa na miaka 26.

Papa Fransisko, alipokutana na vijana na makatekista katika Uwanja wa Mashahidi mjini Kinshasa tarehe 2 Februari 2023, alimtaja kwa jina na kusema jambo ambalo wengi wamelipita haraka: kijana huyu angeweza kuachia tu, asingegundulika, na angefaidika. Hapo ndipo pa kusimama. Shahidi wa zamani aliulizwa swali lake hadharani, mfalme amekaa, askari wamepanga mstari, umati unatazama. Floribert aliulizwa lake mezani, kimya kimya, na mtu ambaye pengine alikuwa akitabasamu. Kukubali kusingekuwa na shahidi yeyote wa macho. Watakaougua tumbo wiki mbili baadaye wangesema ni maji.

Sasa lile swali la imani gani. Thoma wa Akwino, mwanateolojia mkubwa wa Kanisa, alilijibu karne ya 13: aliuliza kama ni imani peke yake inayomfanya mtu kuwa shahidi, akajibu kwamba tendo lolote la fadhila, likifanywa kwa ajili ya Mungu, ni ungamo la imani, na kwa hiyo mtu anaweza kulifia na kuwa shahidi. Mfano wake ni Yohane Mbatizaji. Herode hakumwambia Yohane amkane Mungu. Yohane alikatwa kichwa kwa sababu ya kusema kuhusu ndoa ya mkubwa, na Kanisa halijawahi kuona aibu kumwita shahidi. Kwa hiyo anayesema kigezo kimelegezwa mwaka 2025 amechelewa kwa miaka kama mia saba na nusu.

Hata wale tunaowakimbilia kama mfano wa ushahidi halisi, Mashahidi wa Uganda, tumewavua kazi zao. Tunawachora wamevaa shuka, mikono imefungwa, moto wa Namugongo nyuma yao, tarehe 3 Juni 1886. Tunasahau kwamba wengi wao walikuwa waajiriwa wa ikulu. Karoli Lwanga alikuwa mkuu wa vijana wa kasri. Andrea Kaggwa aliongoza wapiga ngoma wa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Yosefu Mukasa Balikuddembe, wa kwanza kuuawa kati ya Wakatoliki, mwezi Novemba 1885, alikuwa mtumishi wa karibu wa Mwanga, na kosa lake lilianzia kazini: alimlaumu bwana wake kwa kumuua Askofu Hannington, ambaye hata hakuwa Mkatoliki, na aliwakinga vijana waliokuwa chini yake wasiingiliwe. Mtu alimwambia bosi wake hapana, ndani ya ofisi ya bosi. Imani iliingia kwenye kesi kupitia mlango huo. Sisi tumeyabakiza majivu na kuufunga mlango.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliufungua tena. Hati yake juu ya Kanisa, ya tarehe 21 Novemba 1964, ina sura nzima juu ya wito wa wote kwenye utakatifu, na inasema kwamba mlei anautafuta Ufalme wa Mungu kwa kushughulika na mambo ya dunia, akiwa ndani yake, kama chachu. Mwaka uliofuata Mtaguso ukasema, katika hati juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, kwamba mpasuko kati ya imani watu wanayoikiri na maisha yao ya kila siku ni miongoni mwa makosa makubwa ya zama zetu. Hawakusema ukanamungu peke yake. Walisema mpasuko, yaani waliwalenga waliokuwa wamekaa kwenye mabenchi. Na Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake juu ya walei wa Desemba 1988, alitaja vishawishi viwili vilivyowapata walei baada ya Mtaguso. Kimoja ni kuhalalisha kuitenga imani na maisha. Kingine, na hiki ndicho kinachonigusa, ni kupenda mno huduma na shughuli za kikanisa hadi mlei anaacha majukumu yake katika kazi, uchumi, jamii na siasa.

Kishawishi hiki cha pili tumekifanya kuwa sifa. Muulize yeyote parokiani kwako mlei mzuri ni nani. Utaambiwa ni mwenyekiti wa Halmashauri Walei, mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania, asiyekosa sare, baba wa kwaya, mweka hazina wa Moyo Mtakatifu, aliyelipa zaka kuanzia Januari hadi Desemba bila kuruka mwezi. Sijasikia hata mara moja mtu akisifiwa kwenye matangazo kwamba ni fundi anayemaliza kazi siku aliyoahidi, au kwamba mizani ya duka lake haijawahi kuwekewa kitu chini. Mtoto anapotaka kubatizwa, barua ya jumuiya inathibitisha kwamba wazazi wanasali na wanachangia. Hakuna mstari wa kuuliza kama dada wa kazi wa nyumba ile amelipwa mshahara wake wa miezi mitatu. Kwenye kitubio tunaungama hasira, matusi na mambo ya chumbani, ila dhambi za dukani tunaziacha dukani.

Nisijitoe. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa kwenye kamati ya ujenzi wa kigango chetu. Tulikwenda watatu kununua saruji na nondo, na muuzaji, huku ameshika ile mashine ya EFD ya kutolea risiti za kodi kama mtu anayetaka kuonea huruma wateja wake, akauliza swali ambalo kila Mtanzania analijua: "Niwape bei ya risiti au bei ya kawaida?" Tukatazamana. Mmoja wetu akasema hizi ni fedha za waumini, wajane wametoa humo, tusizichezee. Tukakubali kwa kauli moja kwamba uaminifu ni kuchukua bei ya kawaida. Tuliondoka na saruji, na karatasi ya daftari iliyoandikwa kwa kalamu, tukaiambatisha kwenye ripoti. Jumapili iliyofuata tulipongezwa kwa kubana matumizi. Nilipiga makofi pamoja na wengine, na wala sikujisikia vibaya hata kidogo.

Kuna hoja nzito dhidi ya haya ninayosema, na haifai kuzipita. Ya kwanza inatoka kwa watu wa Kanisa wenyewe. Wanasema: ukiwaambia walei utakatifu wao uko kazini, nani atabeba vigango? Afrika Mashariki haikujengwa na mapadri peke yao. Kuna maeneo ambako Padri anafika mara chache kwa mwaka, na katekista ndiye anayeongoza ibada, anayefundisha watoto, anayezika. Ni kweli kabisa, na ni kweli hata kwa orodha ya watakatifu: kati ya watatu walei waliotangazwa na Papa Leo wa 14 tarehe 19 Oktoba 2025, mmoja, Peter To Rot wa Papua New Guinea, alikuwa katekista aliyeshika nafasi ya mapadri waliofungwa wakati wa vita. Ila mtazame vizuri. Aliuawa mwaka 1945 kwa sababu alitetea ndoa ya mume mmoja na mke mmoja wakati wenye mamlaka walipoirudisha mitala. Yaani hata katekista aliuawa kwa jambo la nyumbani mwa watu. Na wenzake wawili walikuwa daktari, José Gregorio Hernández wa Venezuela, na mwanasheria, Bartolo Longo wa Italia. Sisemi mtu aache kwaya. Nasema kwaya haiwezi kulipia mizani.

Ya pili ni nzito zaidi, nami sina jibu lake lote. Inasema kwamba kumtaka mtu mmoja awe mtakatifu ndani ya mfumo uliooza ni kuipumzisha serikali na kumtwisha mnyonge. Karani wa mshahara mdogo, mwenye kodi ya nyumba na watoto wanne, anaishi ndani ya ofisi ambayo "chai" inagawanywa kuanzia juu kwenda chini. Asipopokea, haonekani mwema, anaonekana hatari, na atahamishwa. Rushwa kwake haina sura ya tamaa, ina sura ya kuelewana na wenzake. Anayesema haya anajua anachosema. Yohane Paulo wa Pili mwenyewe alizungumzia miundo ya dhambi mwaka 1987. Lakini alisema pia kwamba miundo hiyo ina mizizi katika dhambi za watu, na inasimama kwa sababu wapo wanaoishikilia. Mchele wa Goma haukuhitaji mfumo mzima ili uingie sokoni siku ile. Ulihitaji saini moja. Mfumo ungeipata kesho yake kwa mwingine, pengine, lakini ndiyo maana sina budi kuuliza kilichomwezesha kijana wa miaka 26 kuinyima, na hapo nitarudi.

Hoja ya tatu ndiyo dhaifu kuliko zote, nayo ndiyo inayopendwa kuliko zote: kwamba Mungu anaangalia moyo, na fedha iliyopatikana kwa njia ya uchochoroni hutakaswa ikitolewa kwa kazi njema. Nimeisikia harambee, nimeisikia kwenye sherehe za kuweka jiwe la msingi. Kwa bahati, Floribert ndiye mtu aliyeiharibu hoja hii kuliko mwanateolojia yeyote. Nani alikuwa na kisingizio kizuri kuliko chake? Alikuwa na maibobo wenye njaa aliowajua kwa majina. Angechukua zile fedha, akanunua unga, madaftari na kandambili, na hakuna mtu Goma angemnyooshea kidole. Aliziacha, kwa sababu alijua watakaokula ule mchele ni walewale maibobo na wenzao. Injili nayo haiachi nafasi. Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru, alitoa nusu ya mali yake kwa maskini, lakini waliodhulumiwa aliahidi kuwarudishia wao wenyewe, mara nne. Hakuwapelekea makuhani wa hekalu wamsafishie. Na watoza ushuru walipomwendea Yohane Mbatizaji kuuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi wakaishi jangwani naye. Aliwaambia: "Msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa." Kwa mtu wa nyikani aliyekula nzige, ni jibu la kiofisi mno.

Nabii Amosi, katika sura ya nane, aliwaona watu wa namna yetu kwa karibu zaidi. Wamekaa kwenye sikukuu, wanaulizana itakwisha lini wafungue ghala, wapunguze kipimo, waongeze bei, wauze na takataka za ngano. Hawakukosa ibada hata moja. Nikisoma hapo naiona lumbesa. Asiyeijua aende shambani msimu wa viazi au vitunguu: gunia limejaa hadi mdomoni, kisha linasukiwa kamba juu, linaongezwa, linashindiliwa kwa goti, hadi linabeba kichwa kingine kama mtu aliyevaa kofia mbili. Sheria ya Tanzania inasema gunia lisizidi kilo mia. Mkulima analipwa gunia moja. Mnunuzi akifika mjini anafungua na kuuza kwa kilo. Tofauti ile, kilo thelathini au zaidi za jasho la mwingine, ndiyo inayojenga nyumba, na sehemu yake hufika altareni Jumapili ya mavuno, imepambwa kwa maua. Mnunuzi huyo si mpagani. Mara nyingi yuko kwenye jumuiya, na mkulima yuko kwenye jumuiya nyingine ya parokia hiyohiyo, wote wakiimba zaburi moja.

Nimeahidi kurudi kwenye kilichomwezesha Floribert. Sidhani ni ujasiri wa kuzaliwa nao. Alikuwa na watu. Alikuwa na jumuiya aliyosali nayo, alikuwa na rafiki wa kumpigia simu na kumwambia wameniletea fedha, na alikuwa na watoto waliomfanya mlaji wa mchele awe na sura. Alipokataa hakuwa peke yake kichwani mwake, hata kama alikuwa peke yake ofisini. Sisi tunazo Jumuiya Ndogo Ndogo, mpango ambao maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, waliuweka mbele tangu miaka ya 1970, na sidhani kuna mahali duniani palipo na mtandao wa walei ulioshonwa hivi, kaya kwa kaya. Lakini Jumamosi asubuhi tukimaliza somo na maombi tunaingia kwenye michango: harusi, msiba, daraja takatifu la kijana wa kigango, gari la Paroko. Tuna mchango wa kila jambo isipokuwa mmoja. Sijaona jumuiya iliyochanga kodi ya miezi miwili kwa mwanajumuiya aliyefukuzwa kazi kwa kukataa kusaini. Sababu mojawapo ni kwamba hatujui kama yupo. Hajawahi kusema, kwa sababu hatujawahi kumuuliza, na angesema wengine wangeangalia chini.

Kwa hiyo wanaotaka kumwenzi Floribert kwa mabango wana kazi ndogo sana ukilinganisha na iliyopo. Ikiwa Kanisa linaamini lilichotamka Juni 15, basi mafundisho ya ndoa na kipaimara yazungumze habari za mishahara na mizani kwa majina yake, mahubiri yaache kumtaja fisadi kama mtu anayekaa Dodoma au Kinshasa peke yake, na barua ya jumuiya iongezwe mstari. Kamati za ujenzi, tena kabla ya wengine wote, zidai risiti, hata kama kanisa litachelewa kuezekwa mwaka mmoja. Najua nitakachoambiwa kikaoni nikilisema hili. Nitaambiwa mbona wewe ulikuwepo.

Julai 8 ijayo, mwaka 2026, itaangukia Jumatano. Ofisi za mpakani zitafunguliwa asubuhi kama kawaida, malori yatakuwa yamepanga foleni tangu usiku, na muhuri utakuwa juu ya meza.